Namba tasa yenye tarakimu milioni 41: Je, pesa tunazotuma nyumbani zi hatarini?

Ilipotangazwa tarehe 21 Oktoba 2024 kwamba Mmarekani mmoja amegundua namba tasa kubwa kuliko zote zilizopata kujulikana duniani, sisi tulioko ughaibuni tuliipokea habari hiyo kwa namna mbili. Kwenye mabaraza yetu ya kahawa wako waliocheka, wakasema kuwa mtu aliyeshiba hakosi la kufanya. Na wako walioingiwa na hofu. Hao walikwisha sikia kwamba siri za benki na za simu zinalindwa kwa namba tasa, wakauliza: ikiwa kubwa yao imeshapatikana, je, pesa tunazotuma nyumbani kila mwisho wa mwezi zitasalimika?

Swali hilo ni la haki, maana anayeuliza ni mtu anayelipa ada ya shule ya wadogo zake na dawa za mama yake kwa kubofya kitufe cha simu. Tumeona basi tulijibu polepole, kwa hesabu ambayo msomaji anaweza kuifuata mwenyewe akiwa na kalamu na karatasi. Jibu letu fupi ni kwamba pesa haziko hatarini kwa sababu ya namba hii. Sababu yenyewe ndiyo inayofaa kujulikana.

Tasa, lakini ni mzazi

Tukumbushane tuliyofundishwa darasani. Namba tasa ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1, ambayo haigawanyiki bila baki ila kwa 1 na kwa yenyewe. 2, 3, 5, 7, 11 na 13 ni namba tasa. 15 si tasa, kwa kuwa ni 3 mara 5.

Kiswahili kimezipa jina zito, kwani tasa ni kiumbe asiyezaa. Lakini ukiangalia vizuri, hizi ndizo wazazi wa namba zote nyingine. Chukua 84: ni 2 mara 2 mara 3 mara 7. Chukua namba yoyote uipendayo na utafika hapo hapo, kwenye vigawo vilivyo tasa, na ukoo wake ni mmoja tu, hauna wa pili.

Aidha, vichwa vya habari vya siku ile vilivyosema "namba tasa kubwa kuliko zote" vilikosea. Namba hiyo haipo. Yapata miaka 300 kabla ya Kristo, katika mji wa Iskandaria huko Misri, Euclid alionyesha kwamba namba tasa hazina mwisho. Hoja yake ni hii: tuseme mtu amedai kuwa ameziorodhesha zote. Zizidishe zote pamoja, kisha ongeza 1. Namba utakayoipata, ukiigawanya kwa yoyote iliyomo kwenye orodha, itabaki 1. Kwa hiyo ama yenyewe ni tasa, ama ina kigawo tasa ambacho hakimo kwenye orodha. Kwa vyovyote, orodha haikuwa kamili. Kwa hiyo iliyotangazwa mwaka 2024 ni kubwa kuliko zilizokuwa zikijulikana, basi.

Ukubwa wenyewe

Namba yenyewe ni hii: zidisha 2 kwa 2 tena na tena mpaka umezitumia mbili 136,279,841, kisha toa 1. Ikiandikwa kirefu ina tarakimu 41,024,320. Iliyoshika nafasi hiyo kabla yake, iliyopatikana Desemba 2018, ilikuwa na tarakimu 24,862,048.

Ukitaka kuisoma kwa sauti, tarakimu moja kwa kila sekunde, bila kulala wala kula, utamaliza baada ya siku 475 hivi, yaani mwaka mmoja na karibu miezi minne. Ukiichapa kwa tarakimu 5,000 kila ukurasa, utahitaji kurasa zaidi ya 8,200.

Hata hivyo, mtu anaweza kujua mambo mengi juu yake bila kuisoma. Tazama tarakimu ya mwisho ya 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128, 256: inakwenda 2, 4, 8, 6, kisha inaanza tena 2, 4, 8, 6. Mzunguko ni wa hatua nne. Ukigawanya 136,279,841 kwa 4, baki ni 1, kwa hiyo tuko kwenye hatua ya kwanza, yaani 2. Toa 1, na namba yetu inaishia na 1. Hakuna kompyuta iliyohitajika.

Namba za aina hii, yaani 2 kwa kipeo fulani kutoa 1, zina sura nyingine ya kupendeza. Kompyuta huhesabu kwa 0 na 1 tu, na katika lugha hiyo 7 huandikwa 111, na 31 huandikwa 11111. Namba ya mwaka 2024 ni safu ya moja tupu, 136,279,841 kwa idadi. Na kipeo chenyewe hakina budi kuwa tasa. Ukiwa na moja sita, 111111, unaweza kuzipanga katika mafungu mawili ya tatu tatu, na papo hapo umeigawanya: 63 ni 7 mara 9. Safu inayogawanyika katika mafungu yaliyo sawa hutoa namba inayogawanyika.

Kinyume chake si kweli, na hapo ndipo wengi walipoteleza. Kipeo kuwa tasa hakutoshi. 11 ni tasa, lakini 2 kwa kipeo cha 11 kutoa 1 ni 2,047, nayo ni 23 mara 89.

Padri aliyeaminiwa kwa karne tatu

Namba hizi zinaitwa kwa jina la Marin Mersenne, mtawa wa Kifaransa aliyeishi kuanzia 1588 hadi 1648. Mwaka 1644 aliandika kitabuni kwamba vipeo visivyozidi 257 vinavyotoa namba tasa ni 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Hakutoa uthibitisho. Lakini alikuwa mtu wa heshima, aliyeandikiana barua na wanazuoni wa Ulaya nzima, na orodha yake ikapokewa hivyo hivyo.

Orodha ilikuwa na makosa matano. Aliziacha 61, 89 na 107 ambazo zilistahili kuwamo, na akaziweka 67 na 257 zisizostahili. Ilichukua karibu karne tatu kuisahihisha yote.

Kisa cha 67 ndicho kinachotuhusu zaidi sisi wenye kutuma pesa. Mwaka 1876 Mfaransa Édouard Lucas alionyesha kwamba 2 kwa kipeo cha 67 kutoa 1 si tasa. Ajabu ni kwamba hakuweza kusema inagawanyika kwa nini. Alijua kuwa ina vigawo, lakini vigawo vyenyewe hakuvijua. Ni kama daktari anayepima damu akakuambia una malaria, bila kumwona mbu aliyekuuma.

Vigawo vilipatikana miaka 27 baadaye. Mwezi Oktoba 1903, katika mkutano wa wanahisabati mjini New York, Frank Nelson Cole alisimama mbele ya ubao. Inasimuliwa kwamba hakutamka hata neno moja. Upande mmoja wa ubao alizidisha 2 hadi kipeo cha 67, akatoa 1, akapata 147,573,952,589,676,412,927. Upande wa pili akaizidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, tarakimu kwa tarakimu. Majibu yalilingana. Akarudi kuketi, na ukumbi ukampigia makofi. Alipoulizwa ilimchukua muda gani kuvipata vigawo hivyo, inasemekana alijibu kuwa ni Jumapili za miaka mitatu.

Angalia tofauti iliyopo hapo, ndugu msomaji. Kuzidisha namba mbili ni kazi ya dakika chache, hata kwa mtoto wa shule. Kuzirudisha zilikotoka ni kazi ya Jumapili za miaka mitatu. Kusonga unga ukawa ugali ni rahisi, lakini nani atautoa unga na maji kutoka katika ugali?

Kufuli la wote, ufunguo wa mmoja

Juu ya tofauti hiyo ndipo lilipojengwa kufuli la mtandao. Mwaka 1977 walimu watatu wa chuo cha MIT cha Marekani, Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman, walibuni njia ya kuficha ujumbe inayoitwa RSA kwa herufi za majina yao. Hapa Uingereza, Clifford Cocks wa shirika la serikali la GCHQ alikwisha ibuni njia kama hiyo mwaka 1973, lakini kwa kuwa kazi yake ilikuwa siri ya dola, dunia haikuambiwa mpaka 1997.

Benki huchagua namba tasa mbili kubwa na kuzificha. Inazizidisha, na jibu lake inalitangaza kwa kila mtu. Jibu hilo ni kufuli: yeyote aweza kulifunga juu ya ujumbe wake. Lakini kulifungua kunahitaji namba mbili za mwanzo, na hizo anazo mwenye benki peke yake. Katika kufuli linalotumika sana leo, namba inayotangazwa ina tarakimu 617, na kila mzazi wake ana tarakimu 309 hivi.

Sasa tuje kwenye ile hofu. Namba tasa ya mwaka 2024 haiwezi kuvunja kufuli hilo, na wala haiwezi kulitengeneza. Haiwezi kulivunja kwa sababu kuipata namba tasa moja kubwa hakukufundishi kugawanya namba nyingine. Haiwezi kulitengeneza kwa sababu kila mtu anaijua. Namba za aina ya Mersenne zilizothibitishwa kuwa tasa ni 52 tu hadi ugunduzi huo, na zote zimechapishwa. Nani atafunga nyumba yake kwa ufunguo ambao nakala yake imening'inizwa sokoni? Ufunguo mzuri hautakiwi kuwa mkubwa kupita yote. Unatakiwa kuwa mmoja kati ya wengi mno, na usiojulikana. Namba tasa zenye tarakimu 309 ni nyingi kiasi kwamba zikigawiwa kwa kila chembe ya mchanga wa pwani zote za dunia, zitabaki.

Hatusemi kwamba kufuli halina mwisho wake. Mwaka 1977 wabunifu wa RSA walitoa namba ya tarakimu 129 na kuwataka watu waigawanye. Iligawanywa mwaka 1994 na watu wapatao 600 waliounganisha kompyuta zao. Mwaka 2020 ikagawanywa ya tarakimu 250. Ndiyo maana makufuli yamekuwa yakirefushwa. Tena mwaka huo huo wa 1994, Peter Shor alionyesha kwamba kompyuta za namna nyingine kabisa, zinazotumia kanuni za fizikia ya chembe ndogo mno, zikipatikana kubwa za kutosha zitagawanya namba hizi kwa wepesi. Kwa ajili hiyo Marekani ilitangaza Agosti 2024 viwango vipya vya makufuli yasiyotegemea kugawanya namba. Hiyo ndiyo hatari ya kufikiriwa, na wenye kazi yao wanaifikiria.

Hatari iliyo karibu zaidi haina hisabati yoyote. Mwizi wa leo hahangaiki na tarakimu 617. Anakupigia simu, anajiita mtumishi wa benki, anakuomba namba yako ya siri, nawe unampa. Kufuli zuri halimsaidii mwenye kufungua mlango mwenyewe.

Ilijulikanaje kuwa ni tasa?

Linabaki swali ambalo wachekaji na waoga wote wawili hawakuliuliza. Namba ina tarakimu milioni 41. Hakuna aliyejaribu kuigawanya kwa kila namba iliyo chini yake, na wala hilo haliwezekani hata kwa kompyuta zote za dunia. Basi nani kajua?

Jibu liko katika kipimo cha yule yule Lucas, kilichonyooshwa baadaye na Mmarekani Derrick Henry Lehmer katika miaka ya 1930. Tukijaribu kwa 31, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 5 kutoa 1. Anza na 4. Zidisha kwa yenyewe, toa 2: 16 kutoa 2 ni 14. Rudia: 14 mara 14 ni 196, toa 2, ni 194. Kila ukipita 31, gawanya kwa 31 na ushike baki tu: 194 ukigawanya kwa 31, baki ni 8. Rudia mara ya mwisho: 8 mara 8 ni 64, toa 2, ni 62. Gawanya kwa 31: baki ni 0.

Hiyo sifuri ndiyo hukumu. Kanuni inasema rudia mara zilizo pungufu kwa mbili kuliko kipeo (hapa kipeo ni 5, kwa hiyo mara 3), na ukiishia na sifuri, namba ni tasa. Usipoishia na sifuri, si tasa. Jaribu kwa 2,047 na utarudia mara 9, mwisho wake utapata 1,736. Si sifuri, na kweli tumeona ni 23 mara 89. Kwa kipimo hiki Lucas aliithibitisha mwaka 1876 ile ya kipeo cha 127, yenye tarakimu 39, bila mashine yoyote.

Kwa namba ya 2024, hesabu ile ile ilirudiwa mara 136,279,839, na kila mara ilizidishwa kwa yenyewe namba yenye tarakimu zinazofika milioni 41. Aliyeiendesha ni Luke Durant wa San Jose, California, aliyekuwa na umri wa miaka 36 na aliyepata kuwa mwajiriwa wa kampuni ya NVIDIA. Alijiunga na GIMPS, kundi la watu wa kujitolea lililoanzishwa na George Woltman mwaka 1996, ambamo yeyote mwenye kompyuta aweza kupewa vipeo vyake avipime. Badala ya kompyuta moja ya mezani, Durant alikodi nguvu za mashine zilizotapakaa katika nchi 17, akitumia chipu za aina iliyobuniwa kwanza kwa ajili ya kuchora picha za michezo.

Tarehe 11 Oktoba 2024 mashine moja iliyoko Dublin, Ireland, ilitoa taarifa kwamba namba hiyo yaelekea kuwa tasa. Yaelekea, kwa kuwa kipimo cha kwanza hutoa dalili tu. Siku ya pili mashine nyingine, ya San Antonio, Texas, ikamaliza kipimo cha Lucas na Lehmer, na ikapata sifuri. Hata hapo haikutangazwa. Ilipimwa upya kwa programu tofauti na kwenye mashine za aina tofauti, na zote zikakubaliana. Zawadi yake ilikuwa dola 3,000, naye akaahidi kuzitoa kwa shule yake ya zamani ya sekondari huko Alabama, inayofundisha hisabati na sayansi.

Si lazima mtu awe na mashine za nchi 17. Mwisho wa mwaka 2017 namba ya namna hii ilipatikana na Jonathan Pace, mhandisi wa umeme wa Tennessee aliyekuwa akitafuta kwa miaka 14. Na kuna iliyopatikana na kompyuta ya chuo kikuu kimoja cha Missouri mwezi Septemba 2015, lakini ujumbe wake haukumfikia mtu. Namba ikakaa humo hadi Januari 2016, wakati mtu alipokuwa akikagua kumbukumbu. Tarehe rasmi ya ugunduzi ikawekwa kuwa siku ile mwanadamu alipoiona.

Faida yake nini?

Kwa wale waliocheka, tunawajibu hivi. Kazi ya moja kwa moja ya namba hii haijaonekana, na waliyoitafuta hawakudai vinginevyo. Lakini mwaka 1994 mwalimu wa hisabati wa Virginia, Thomas Nicely, alipokuwa akifanya hesabu za namba tasa pacha, kama 11 na 13, aliona majibu ya kompyuta yake hayalingani. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa ndani ya chipu ya Pentium, na lilikuwamo katika kompyuta nyingi zilizouzwa. Kampuni ya Intel ilitenga dola milioni 475 kwa ajili ya kuzibadilisha. Mwaka 2016, programu ile ile ya GIMPS ilifichua kasoro katika chipu nyingine. Hesabu ndefu isiyosamehe hata tarakimu moja ni kipimo kikali cha mashine ambazo sote tunaziamini kwa mishahara na matibabu yetu.

Faida ya pili ni ya adabu ya kujua. Sisi tulio mbali na nyumbani tunaishi kwa habari za kusikia: fulani kasema, imetumwa kwenye simu, mtu mkubwa kathibitisha. Mersenne naye alikuwa mtu mkubwa, na orodha yake iliaminiwa huku ikiwa na makosa matano. Cole hakusema lolote, aliandika tu hesabu mbili na kuwaachia watu wazilinganishe wenyewe. Atakayekuletea kesho habari kwamba benki zote zimevunjwa kwa namba mpya, mpe kalamu na karatasi, umwambie aanze na 4.